Acheni Kudharau Mchakamchaka, Mdundo Ndio Saa Yetu

Mitihani inanyemelea, madesa yamerundikana kitandani mpaka sina pa kulala, na badala ya kusoma nimekaa naandika kuhusu kukimbia. Kaazi kweli kweli! Lakini jambo hili limenikaa rohoni wiki nzima, na nisipolitoa leo nitaingia nalo kwenye chumba cha mtihani, halafu nikipata supu mtaanza kusema nilikuwa naendekeza mazoezi.

Jambo lenyewe ni hili. Kikundi chetu cha kukimbia Jumamosi asubuhi kimepiga marufuku kuimba. Mmesoma vizuri, kuimba! Wamekaa wenyewe wale wanaojiita wakimbiaji wa kweli, wakaamua kwamba kuanzia sasa kila mtu atakuja na hedifoni zake, kila mtu na mdundo wake masikioni, hatua 180 kwa dakika, basi. Mambo ya kuimbishana chenja na kupiga makofi tuwaachie watoto wa shule ya msingi na makuruta wa JKT. Mmoja wao akafunga kikao kwa kusema huo ni ushamba, eti tunawachekesha watu wa daladala.

Mimi nasema hivi, bila kumung'unya maneno: hawa ndugu zetu wametupa dhahabu wakaokota kopo. Wanahangaika kutafuta mdundo wa kukimbilia, na mdundo huo walikuwa nao tangu darasa la kwanza. Mchakamchaka ndiyo njia rahisi kuliko zote ninazozijua ya kumfundisha mtu asiye na saa, asiye na kocha na asiye na bumu la kuchezea, namna ya kuweka miguu yake kwenye mwendo mmoja na kuubakisha hapo. Ukiutoa wimbo, kundi linakufa. Tena kwetu limeshaanza kufa.

Tuanze na hesabu, maana hawa jamaa wanapenda namba. Kasi ya mtu anayekimbia inatokana na vitu viwili tu: miguu inagusa chini mara ngapi kwa dakika, na kila hatua ina urefu gani. Zidisha hivyo viwili, umepata mita kwa dakika. Mtu anayepiga hatua 160 kwa dakika, kila hatua mita 1, anakwenda mita 160 kwa dakika. Kilomita 10 atazimaliza kwa dakika 62 na nusu. Akipanda mpaka hatua 168 bila kufupisha hatua yake, atamaliza kwa dakika kama 59 na nusu. Dakika tatu nzima, na hajanunua chochote!

Sasa angalieni mtu anayeanza anafanya nini akitaka kuongeza mwendo. Haongezi idadi ya hatua, anarefusha hatua. Anautupa mguu mbele huko, kisigino kinagonga lami mbali na mwili, goti limenyooka kama fimbo. Kila akitua ni kama amekanyaga breki kidogo. Baada ya wiki mbili anaanza kushika goti, wiki ya tatu hatumwoni tena, ukimuuliza anakwambia "mbio si za kwangu, kaka". Wangapi mnawajua wa namna hiyo? Mimi nawajua wa kujaza bweni.

Hapo ndipo mdundo unapoingia. Ukimpa huyo mtu mapigo yaliyo haraka kidogo kuliko aliyozoea, na ukimwambia abaki kwenye kasi ile ile, hatua yake itafupika yenyewe. Kwa mfano wetu wa juu, kutoka hatua 160 kwenda 168 kwa kasi ile ile ya mita 160 kwa dakika, hatua inashuka kutoka mita 1 hadi kama sentimita 95. Sentimita tano tu! Lakini mguu sasa unatua karibu na mwili, goti limekunjika kidogo, mshindo unapungua. Mwaka 2011 mtafiti Bryan Heiderscheit na wenzake wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, waliwapima wakimbiaji 45 kwenye mashine, wakaona kwamba kuongeza idadi ya hatua kwa asilimia 5 mpaka 10 kunapunguza mzigo unaobebwa na goti na nyonga. Kwa hiyo faida ya kwanza ya mdundo ni kutua vizuri. Kasi inafuata baadaye, ukishapata nguvu ya kurudisha ile hatua kwenye urefu wake huku miguu ikibaki kwenye mapigo mapya.

Mpaka hapo mimi na wale wakimbiaji wa kweli tunakubaliana. Tunagombana kwenye mambo mawili: hiyo namba yao ya 180, na hizo hedifoni.

Hii 180 imegeuzwa kuwa aya ya kitabu kitakatifu. Imetoka wapi? Kocha mmoja wa Marekani, Jack Daniels (jina tu, msianze!), alikaa jukwaani kwenye Olimpiki ya Los Angeles mwaka 1984 akahesabu hatua za wanariadha wakiwa mashindanoni. Akaona karibu wote wa mbio za kati na ndefu wanapiga 180 au zaidi kwa dakika. Sawa. Lakini alikuwa anawaangalia kina nani? Wanariadha wa Olimpiki, wakiwa mbioni, kwenye kasi ambayo wewe na mimi tukiishika tutaidumisha mpaka kona ya kwanza tu. Idadi ya hatua hupanda kadiri kasi inavyopanda, na mtu mwenye miguu mirefu kwa kawaida hupiga hatua chache kuliko mfupi. Kumchukua mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayekimbia kilomita moja kwa dakika saba, ukamlazimisha 180, ni kumfanya atembeze miguu kama cherehani. Atachoka mapema kuliko angeachwa na mwendo wake. Mwili wa mtu huwa tayari umechagua hatua iliyo karibu na ile inayokula nguvu kidogo, kwa hiyo unausogeza taratibu, huuvuti kwa kamba.

Namba ya maana ni yako wewe. Hesabu mguu wa kulia unagusa chini mara ngapi kwa sekunde 30, zidisha kwa 4, hiyo ndiyo idadi yako. Ongeza asilimia 5, usizidi hapo kwa wiki kadhaa. Uliyekuwa 156, nenda 164. Uliyekuwa 164, nenda 172. Hamna muujiza.

Tuje kwenye hedifoni. Mtu anasema "mimi nakimbia na muziki, muziki una mdundo". Kweli, una mdundo, lakini mdundo gani? Wimbo mmoja wa bongo flava una mapigo 90 kwa dakika, unaofuata una 104, wa tatu umetulia kama lala salama. Mwendo wako unapanda na kushuka kama bajaji mlimani. Halafu anakuja mwingine na singeli! Jamani, singeli nyingi zinazidi mapigo 200 kwa dakika. Huo muziki ulizaliwa Dar kwa ajili ya vigodoro. Nani aliwaambia ni wa kupandia mlima wa Bugando? Nimemwona mtu anafuata singeli kwa miguu pale, duh, niliogopa kwamba safari yake itaishia hospitalini, na bahati nzuri hospitali ilikuwa pale pale juu.

Tena niwakumbushe kitu. Hao mashujaa mnaowaiga hawakimbii mashindano na hedifoni. Sheria za riadha za kimataifa zinahesabu redio, vicheza muziki na simu kuwa msaada usioruhusiwa kwa mwanariadha aliye mashindanoni. Suleiman Nyambui, mtoto wa Majita, kwenye ufukwe wa ziwa letu hili hili upande wa Mara, alichukua medali ya fedha ya mita 5000 kule Moscow mwaka 1980, na baadaye akashinda marathoni ya Berlin mara mbili mfululizo, 1987 na 1988. Alphonce Simbu alitupa dhahabu ya marathoni kwenye mashindano ya dunia Tokyo, Septemba 2025, kwa saa 2:09:48, akamzidi Mjerumani Amanal Petros kwa sekunde 0.03. Kilomita 42 zinaamuliwa na pua! Mtu anayefika mita za mwisho na bado ana miguu ya kubadilisha mwendo amebeba mdundo wake mwilini. Betri haikumsaidia.

Na hata yule mfano wanaoupenda wapenda muziki, Haile Gebrselassie wa Ethiopia, unanisaidia mimi. Mwaka 1998 kule Birmingham alivunja rekodi ya dunia ya mita 2000 ya ndani huku wimbo alioupenda, Scatman, ukipigwa. Ulipigwa wapi? Kwenye spika za uwanja! Kila mtu mle ndani aliusikia. Huo ni mdundo wa wazi, wa watu wote, kama wa mchakamchaka. Masikioni mwake hamkuwa na kitu.

Sasa niende kwenye hili neno "ushamba", maana ndilo lililoniuma kuliko yote. Kutumia mdundo kupanga mwendo wa miili ya watu wengi hatukujifunza kwenye simu. Ukitaka kuona, panda gari la Kisesa ushuke Bujora kwenye makumbusho ya Wasukuma. Pale utaambiwa kuhusu bugobogobo, ngoma ya majembe. Leo tunaiona jukwaani, vijana wanarusha majembe juu na kuyadaka, watu wanashangilia. Lakini chanzo chake ni shambani: watu wamejipanga mstari, ngoma inapigwa, jembe linapanda na kushuka pamoja, na shamba ambalo mtu mmoja angelilima mpaka akate tamaa linakwisha. Mpiga ngoma alikuwa kazini sawa na mwenye jembe. Akiharakisha mno watu wanachoka kabla ya jua kupanda, akizubaa kazi inalala. Huyo ni kocha wa mwendo, hata kama hakuwahi kusikia neno hilo.

Rudini nyuma zaidi. Karne ya 19 wapagazi wa Kinyamwezi na Kisukuma walikuwa wanatembea mamia ya kilomita mpaka pwani, pembe za ndovu begani, na mbele ya msafara yuko kirangozi na ngoma yake, nyimbo zinaitikiwa mstari mzima. Unadhani waliimba kwa sababu walikuwa na furaha? Mzigo mzito hauna furaha. Waliimba kwa sababu mtu anayetembea peke yake kimya anausikia kila mfupa wake, na mtu anayetembea kwenye mdundo anausikia mdundo. Mmarekani Frank Gunderson alizikusanya nyimbo za kazi za Wasukuma akatoa kitabu kinene mwaka 2010. Mgeni ameziona zina thamani ya kujaza kitabu, sisi tunaona haya kuziimba mbele ya daladala!

Na wasomi wa vitabu wanaotaka ushahidi wa maabara, upo. Costas Karageorghis wa Chuo Kikuu cha Brunel, London, amefanya kazi ya muziki na mazoezi kwa miaka mingi. Kwenye utafiti mmoja wa mwaka 2009 yeye na wenzake waliwatembeza watu kwenye mashine mpaka wachoke. Waliokanyaga kufuata mdundo wa muziki unaotia hamasa walidumu zaidi ya waliotembea kimya, kwa takribani asilimia 15. Babu zetu walilijua hilo bila mashine.

JKT nayo, iliyoanzishwa mwaka 1963, imekimbiza vijana kwa chenja miaka yote hii. Tangu utaratibu wa mujibu wa sheria uliporudishwa mwaka 2013, wengi wetu tumepita kambini baada ya kidato cha sita. Semeni ukweli, mlikimbia kilomita ngapi kule ambazo mngekimbizwa kimya msingezimaliza? Mtu ambaye hajawahi kukimbia hata kuwahi daladala, baada ya wiki chache anakwenda saa nzima alfajiri. Nani alikuwa na saa ya kukimbilia kambini? Hakuna. Kulikuwa na mwimbishaji mmoja mwenye koo la chuma na kishindo cha mguu wa kushoto.

Kuna jambo moja kwenye wimbo ambalo hedifoni haitalipata hata zikiuzwa kwa milioni. Wimbo unapima pumzi. Ukiweza kuitikia mstari mzima, mwendo wako ni wa kujenga mwili. Ukiitikia nusu neno huku unahema kama mvukuto, umezidisha. Makocha wanawaambia watu sehemu kubwa ya mazoezi iwe kwenye mwendo wa kuweza kuongea. Sasa kuitikia chenja si ndiyo hiyo hiyo kuongea? Mwimbishaji akisikia sauti za nyuma zimekuwa chache, anajua kundi limezidiwa, anapunguza. Ni kipimo cha bure kinachowapima watu 30 kwa mpigo. Mwenye hedifoni anasikia nini cha nyuma? Hasikii kitu.

Na hapa ndipo ninapokasirika hasa. Tangu tuache kuimba, kundi linakatika vipande. Wale wenye saa na raba za bei wanatangulia, kila mmoja na mdundo wake, na nyuma wanabaki wadogo zetu wa mwaka wa kwanza, wengi wao dada zetu, mmoja mmoja, kigiza bado kipo, kwenye barabara ya Nyegezi kwenda Butimba na Mkuyuni. Mnaijua ile barabara. Malori ya kutoka Shinyanga, daladala zinazochomoka kituoni bila taarifa, pikipiki zinazopita upande wowote zinaotaka. Jumamosi iliyopita mdada mmoja aliyekuwa amevaa hedifoni alipigiwa honi na pikipiki mara tatu, hakusikia hata moja. Ilimpita kiasi cha kumgusa mkono wa shati. Alisimama, akalia, akarudi hosteli peke yake kwa miguu. Waliokuwa mbele hawakujua mpaka jioni. Jumamosi hii sidhani kama atakuja, na mimi simlaumu.

Kundi linaloimba lisingempoteza. Kwanza linasikika, dereva anajua kuna watu kabla hajawaona. Pili linakwenda pamoja kwa sababu mdundo ni mmoja. Tatu, sauti ikikosekana inajulikana. Msichana anayekimbia alfajiri katikati ya watu 30 wanaoimba hana cha kuhofia sana. Akikimbia peke yake na masikio yameziba, ana kila sababu ya kuhofu. Kama mnataka kujua ni nani anayeondolewa na hiyo sheria yenu ya kisasa, tazameni ni nani ameacha kuja. Nimewahesabu. Kaka wenye saa wote wapo.

Najua majibu yenu, niyajibu moja moja tumalizane.

Mtasema huwezi kuimba ukiwa kwenye kasi ya mashindano. Kweli kabisa, wala hakuna anayekulazimisha. Siku ya kukimbia kwa nguvu, gawaneni vikundi vya uwezo unaofanana, acheni maneno bakisheni makofi, au mtu mmoja apige filimbi. Mdundo hauhitaji mistari. Lakini hatuna siku za namna hiyo kila Jumamosi. Nne kati ya tano tunakwenda mwendo wa kujenga, na huo unaimbika.

Mtasema miguu ya watu haifanani, mdundo mmoja hauwezi kuwafaa wote. Hoja nzuri, ila angalieni inamgonga nani. Ni ninyi mliotaka wote wapige 180! Mimi nasema kundi likae kwenye mwendo wa chini kidogo, mwenye miguu mirefu avute hatua ndefu, mfupi avute fupi. Wanaohitaji zaidi watapata zaidi siku zao nyingine za wiki. Jumamosi ni ya wote.

Mtasema mchakamchaka unakwenda polepole mno. Unakwenda polepole kwa sababu mwimbishaji anakwenda polepole. Kama makofi ni 75 kwa dakika, kila kofi na mguu wa kulia, hizo ni hatua 150. Mwimbishaji akisogeza makofi mpaka 82, kundi zima liko kwenye 164 na hakuna aliyegundua. Tatizo hapo ni fundi, chombo hakina kosa.

Na wapo watakaosema kitu kizito zaidi: kwamba mchakamchaka unawakumbusha fimbo. Kuwahi namba, kuchelewa, kuchapwa, kukimbizwa bila kunywa hata uji. Hawa siwatanii. Ni kweli shule nyingi zilitumia mbio kama adhabu na ndiyo maana watu wazima wengi wakisikia neno "kukimbia" wanasikia kiboko. Lakini aliyekosea pale ni mshika fimbo. Wimbo ulikuwa ndio kitu pekee kwenye zile asubuhi kilichokuwa upande wa mtoto. Tuitupe fimbo, tubaki na wimbo. Mtu mzima anayeimba kwa hiari yake barabarani analipiza kisasi kizuri sana kwa zile asubuhi.

Kuhusu watu wa daladala kucheka, wacheke tu. Wenyewe wamekaa wanne kwenye siti ya watatu.

Basi nisije nikaonekana mtu wa kulalamika tu. Hili ndilo ninalopendekeza. Kila mtu ahesabu hatua zake wiki hii kama nilivyoeleza, aandike namba kwenye karatasi. Tutafute ya katikati, tuongeze kidogo, hiyo ndiyo iwe ya kundi. Mwimbishaji achukue simu kabla ya kuondoka, afungue ile programu inayogonga tik-tik kama ya wanamuziki, aisikilize dakika moja mpaka imwingie kichwani, halafu simu aizime. Teknolojia tumeitumia, imekwisha kazi yake. Tuimbe dakika kumi, tunyamaze dakika kumi tukiusikiliza mshindo wa miguu, tuimbe tena tuone kama mwendo umebaki pale pale. Hizo dakika za kimya ndizo mtihani, kwa sababu hapo ndipo utajua kama mdundo umeingia mwilini au ulikuwa wa kuazima. Tukifika mlima, mapigo yabaki yale yale, hatua ifupike, hata ikiwa fupi kama ya kuku haidhuru. Na mwimbishaji akae katikati ya kundi, asikae mbele, ili wa mwisho naye amsikie. Tena tubadilishane. Mwanza kuna watu wenye sauti za kwaya wanaozificha darasani.

Rock City Marathon, mbio za mji wetu zilizoanza mwaka 2009, huwa hazikosi watu wanaoanza kama wamefukuzwa na nyuki na kumaliza wakitembea wameshika kiuno. Wengi wao wana saa. Sisi tukimfikisha mmoja tu wa wadogo zetu kwenye mstari wa mwisho, mwendo wa mwanzo na wa mwisho ukiwa ule ule, nitakuwa nimeshinda hoja hii bila kuandika tena.

Kwa hiyo Jumamosi saa kumi na mbili kamili asubuhi nitakuwa Nyegezi Kona na filimbi yangu. Nitaimbisha, hata tukiwa wawili. Mwenye hedifoni anakaribishwa sana, azitie mfukoni, na mfuko aufunge zipu. Na kama kuna anayemfahamu yule mdogo wetu aliyerudi hosteli akilia, amwambie safari hii atakuwa katikati ya kundi, tena wimbo wa kwanza atachagua yeye.

Nawasilisha. Ngoja nikafungue desa.